Karakana ya leth Malindi na Lamu: maswali ya ukubwa, ukuaji na mtaji

Maswali haya hutoka kwa wenye karakana za kutengeneza vyuma kwa leth, yaani mashine ya kukereza, kuanzia Watamu, Malindi mjini na Gongoni hadi Mokowe na Lamu. Anayejibu ni mshika daftari wa karakana, hauzi mashine wala hatafutii benki wateja. Hesabu za mfano ni za kufikirika. Ingiza bei zako mwenyewe.

Nina leth mbili na watu wanne. Karakana yangu ni ndogo au ya kati?

Inategemea nani anauliza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu biashara ndogo inaweka kwenye kundi la chini kabisa biashara yenye watu chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Linalofuata ni kundi la watu 10 hadi 50 na mauzo ya mpaka milioni 5. Kwa viwanda, sheria hiyo inatazama na thamani ya mashine: mpaka milioni 10 uko chini, milioni 10 hadi 50 uko kundi la pili. Watu wako wanne wanakuweka chini, lakini karakana inayoingiza 60,000 tu kwa mwezi imefika 720,000 kwa mwaka na imeshavuka mstari wa mauzo. Kwa hiyo mguu mmoja uko huku, mwingine kule, na hilo halina kosa.

KRA, mamlaka ya kodi, wana mistari yao. Mauzo yakizidi milioni 1 na yasipopita milioni 25 kwa mwaka, unaingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Yakifika milioni 5 unatakiwa kujiandikisha kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Kodi ya mauzo hukatwa kwenye mauzo, haijali kama umepata faida au hukupata. Mwenye kazi ambazo nusu ya bei ni chuma alichonunua apige hesabu vizuri, maana inaruhusiwa kuwaandikia KRA ubaki kwenye kodi ya kawaida ya mapato.

Mimi ukiniuliza ukubwa wa karakana sitahesabu mashine. Nitauliza leth ilizunguka saa ngapi mwezi uliopita kwa kazi iliyolipwa.

Fundi wangu anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja. Si hizo ndizo saa?

Hizo ni saa za fundi. Itazame siku moja kwa karibu. Asubuhi mvuvi analeta shafti ya boti imefungwa kwenye gunia, propela imeng'ang'ania kwenye ncha kwa chumvi na kutu, na ananuia kurudi baharini maji yakijaa jioni. Kuitoa propela tu ni saa nzima ya nyundo, moto na oili. Halafu kijana anatumwa kutafuta chuma cha stenlesi cha milimita 40. Mjini kipo cha 38 na cha 45. Inapigwa simu Mombasa, kitapakiwa kwenye basi. Leth imezimwa. Chuma kikifika alasiri kinafungwa kwenye taya, kinanyooshwa, kinakerezwa, kinachongwa mfereji wa kufungia propela. Katika saa tisa za fundi, mashine imefanya kazi ya pesa saa nne, na siku nyingine tatu.

Andika. Daftari la shilingi mia likae juu ya kabati la leth, kila kazi iandikwe saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika karakana kinachopotea kwanza ni saa.

Basi nitoze kiasi gani kwa saa?

Tuseme leth ya mitumba imekugharimu 960,000 na unaipa miaka minane. Ni 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Fundi wa 1,500 kwa siku kwa siku 26 ni 39,000. Pango ni 15,000. Jumla ya gharama zinazokusubiri kila mwezi, kazi iwepo isiwepo, ni 64,000. Ukiwa na saa 100 za kulipwa, kila saa inabeba 640. Ongeza umeme 50, na visu, oili na mawe ya grinda 60. Umefika 750, na bado hujala. Weka faida na akiba ya kazi zitakazoharibika, bei ya saa ni kama 1,000. Chuma kinahesabiwa kando, nacho kiwekewe chochote juu kwa sababu ni wewe uliyekitafuta na kukilipia.

Sasa shusha saa za kulipwa ziwe 60. Gharama peke yake inapanda hadi karibu 1,180 kwa saa. Fundi ni yuleyule na mashine ni ileile, lakini bei ya 1,000 iliyokuwa na faida mwezi uliopita sasa ni ya hasara. Ndiyo maana sipendi mtu anayeuliza "jirani anatoza ngapi". Jirani huenda karakana iko kwenye plot ya babake na halipi pango.

Kazi zimejaa mpaka mlangoni. Nikope ninunue leth nyingine?

Kwanza tafuta kazi zimejaa wapi. Mara nyingi haziko kwenye leth. Zimekwama kwa sababu fundi mmoja tu ndiye anayejua kukata nyuzi za skrubu, wengine wanamsubiri. Au chuma hakijafika. Au drili ni moja. Au kazi zimekwisha na ziko sakafuni kwa kuwa wenyewe hawana pesa za kuzikomboa, na wewe unazihesabu kama foleni. Leth inayofanya kazi saa nne inalala saa ishirini. Fundi wa pili wa zamu ya jioni anaweza kukuongezea saa 60 za kulipwa bila mkopo wowote.

Ukishahakikisha ni mashine kweli, fanya hesabu hii. Leth ile ya 960,000: 360,000 zako, 600,000 za mkopo. Lipo la mwezi tuseme ni 20,500. Fundi wa kuiendesha 39,000. Jumla 59,500. Kila saa ya kulipwa inaingiza 1,000. Toa umeme na visu 110, inabaki 890. Unahitaji saa 67 za kulipwa kila mwezi, mpya, zisizoibwa kutoka leth ya kwanza, ndipo usidaiwe. Ya 68 ndiyo inaanza kukulisha.

Kama daftari lako linaonyesha umekataa au umechelewesha kazi za saa 100 kwa mwezi, miezi sita mfululizo, nenda kakope. Kama ni miezi miwili ya kabla ya msimu wa wageni, ngoja.

Mauzo yamepanda mara mbili mwaka huu, lakini sina pesa hata za kununua chuma. Naibiwa?

Huenda, lakini kwanza hesabu unachodai. Karakana inayouza 400,000 kwa mwezi, wateja wakilipa baada ya siku 60, ina 800,000 nje wakati wote. Mauzo yakiwa 800,000 kwa mwezi na wateja ni walewale, nje kuna 1,600,000. Umehitaji 800,000 zaidi kwa ajili ya kukua tu, na hujanunua hata spana. Pesa hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwa muuza chuma aliyekukopesha, kwenye mshahara uliocheleweshwa na karo ya watoto.

Nikitazama karakana zinazofungwa huku kwetu, hili naliona mara nyingi zaidi kuliko ukosefu wa mashine. Wavuvi hulipa palepale, au hulipa wakiuza samaki. Tatizo ni wakubwa: mahoteli, wakandarasi, viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, ofisi za serikali. Kazi yao ni nzuri na inaonekana kama heshima, ankara inasainiwa, halafu inalala. Kwa hiyo kabla ya kwenda benki kuomba 800,000, tembea ukadai 800,000. Hiyo haina riba.

Mteja mkubwa nitamwambiaje alipe kwanza? Si ataenda kwingine?

Mwambie chuma ni chake. "Bwana meneja, vifaa ni 120,000, tunanunua kwa jina la kazi yako, ufundi utalipa ukipokea." Wengi hukubali, kwa kuwa meneja naye anajua chuma hakitoki hewani. Anayekataa kabisa kulipia hata vifaa anakuambia mapema vile atakavyolipa kazi yote.

Kwa kazi za serikali, fahamu kuwa asilimia 30 ya zabuni imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nafasi hiyo ni ya kweli, ichukue. Lakini usiweke zaidi ya robo ya kazi zako huko mpaka uone wanalipa kwa muda gani, na kumbuka kwamba ankara za kaunti zinazosubiri miaka ni habari ya kawaida kwenye magazeti yetu.

Mtaji nitaupata wapi?

Kwa mpangilio ninaoupenda mimi: malipo ya awali ya wateja, muuza chuma anayekuamini kwa siku 30, sacco (chama cha akiba na mikopo), ndipo benki. Mfuko wa Hustler, wa mikopo ya serikali, ulioanza Novemba 2022 hutoa kati ya 500 na 50,000 kwa mtu mmoja. Unafaa kununua visu na mawe ya grinda, lakini leth haununui. Kenya Industrial Estates, shirika la serikali lililopo tangu 1967, lilianzishwa kwa ajili ya viwanda vidogo, na afisa wake aghalabu anajua leth ni kitu gani, jambo ambalo si dogo ukiwa umewahi kumweleza afisa wa benki.

Sacco kwa kawaida hukupa mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini. Mwenye ndoto ya mashine baada ya miaka mitatu aanze kuweka akiba leo.

Ukienda benki au kampuni ya mikopo, swali la kwanza lisiwe asilimia ngapi. Liwe: riba ni ya flati, juu ya mkopo wote mpaka mwisho, au ya salio, juu ya deni lililobaki tu? Mkopo wa 600,000 kwa asilimia 14, miezi 36. Kwa flati, riba ni 252,000 na kila mwezi unalipa kama 23,700. Kwa salio linalopungua, unalipa kama 20,500 kwa mwezi na riba yote ni karibu 138,000. Ile "14" ya flati ni sawa na kama 24 ya salio. Zaidi ya 110,000 zinakwenda kwa sababu ya neno moja kwenye fomu. Uliza pia ada ya kushughulikia mkopo, bima, na gharama ya kulipa mapema.

Na usinunue mashine ya miaka minane kwa mkopo wa simu wa siku 30. Nimeliona hilo likifanyika.

Sina hati ya shamba. Nyumba ni ya familia, na kiwanja cha karakana ni cha wakfu. Nimekwama?

Pwani hili ni la watu wengi. Mali ya wakfu haiwekwi rehani, hilo liache. Nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa inataka saini za ndugu wote, na dada aliye Muscat hatasaini.

Tangu 2017 kuna sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, na sajili yake iko mtandaoni. Leth, milingi (mashine ya kuchonga vyuma), jenereta, hata madai yako kwa wateja yanaweza kuandikishwa kuwa dhamana. Wewe unaendelea kutumia mashine, mkopeshaji anaandikishwa kuwa na haki juu yake. Ili hilo liwezekane mashine iwe na karatasi: risiti ya kununulia, namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma, na picha. Leth nyingi za mitumba zimepita mikono mitatu bila karatasi yoyote. Ukinunua, hata kwa rafiki, andikeni, na namba iwemo. Na wewe unayenunua ya mtu, kagua sajili kwanza, usije ukanunua deni la mwenzio.

Mimi sitaki riba kabisa. Kuna njia?

Ipo. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na benki za kawaida kadhaa zina dirisha la Kiislamu. Kwa mashine, njia ya kawaida ni murabaha: benki inanunua leth uliyoichagua, inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, unalipa kidogokidogo. Tuseme wamenunua 600,000, wanakuuzia 750,000 kwa miaka mitatu. Bei hiyo haipandi hata soko la riba likipanda. Ukichelewa, faini kwa kawaida huelekezwa kwenye sadaka, haiwi faida ya benki. Ijara ni ya kukodi mpaka mashine iwe yako, na musharaka ni ubia.

Linganisha jumla utakayolipa na ya mkopo wa salio, usiogope. Kuepuka riba hakumaanishi kukubali bei yoyote. Jambo moja la kuangalia: katika murabaha benki hununua kwa muuzaji anayetoa ankara ya kueleweka. Leth ya mzee anayestaafu kule Shella yaweza kuwashinda.

Shemeji yangu ana pesa na anataka kuingia ubia. Tuanzeje?

Kwa karatasi, kabla ya pilau. Andikeni nani ameleta nini: wewe leth ya 960,000 na ufundi, yeye 700,000 taslimu. Ufundi wako ulipwe mshahara wa fundi kila mwezi kama ungekuwa umeajiriwa. Kinachobaki ndicho faida ya kugawana. Wasiofanya hivyo hugombana mwaka wa pili, mmoja akisema "mimi ndiye nachafuka mikono", mwingine "bila pesa zangu ungekuwa wapi". Kisha andikeni mmoja akitaka kutoka itakuwaje, na mmoja akifa itakuwaje, kwa sababu warithi watakuja, na leth haikatwi vipande vinane.

Sheria ya kampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja kuandikisha kampuni, kupitia eCitizen. Ubia wa watu wawili wenye mkopo ni bora uwe kampuni.

Niko Lamu. Karakana niiweke kisiwani au Mokowe?

Kazi za mashua, majahazi na boti za faiba ziko kisiwani, Matondoni na huko. Lakini leth yenye kitanda cha mita moja na nusu hadi mbili aghalabu hupita tani moja. Punda haibebi, mkokoteni haupiti vichochoro vya mji wa kale, na winchi ya gari hakuna. Wanaopeleka huifungua: kichwa, kitanda, mota, gari la kisu, kila kimoja kwa safari yake, na hungoja maji ya bamvua ili chombo kiinuke kifikie usawa wa gati. Hamali nao si rahisi. Kuingiza ni gharama, na siku ukitaka kuiuza kuitoa ni gharama tena, kwa hiyo mkopeshaji mwerevu ataipunguzia thamani kama dhamana. Hewa ya chumvi nayo inakula kitanda cha leth kisichopakwa oili kila jioni.

Mokowe, upande wa bara, lori linafika mlangoni, na mashua zinafika gatini. Ningeweka mashine nzito Mokowe, kisiwani niweke duka dogo la kupokelea kazi lenye welding, grinda na drili. Uliza pia kama umeme wa fezi tatu umefika pale pale unapokodi, si mtaani tu, kabla ya kulipa pango hata la mwezi mmoja.

Bandari ya Lamu si italeta kazi nyingi?

Gati la kwanza la bandari hiyo, kule Kililana, lilifunguliwa Mei 2021, na matatu ya kwanza yamejengwa. Barabara za LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari na bara, kuelekea Garissa na Isiolo zinaleta mitambo ya ujenzi, na mitambo huvunjika pini na bushi. Kazi ipo. Lakini mkopo unalipwa na kazi iliyo kwenye daftari, haulipwi na ramani. Aliye na ankara za wakandarasi wa bandari za miezi sita, zilizolipwa, huyo azungumze na benki.

Na mashine za kompyuta, zile za CNC?

Zinalipa pale kitu kilekile kinapotengenezwa mara mia tano. Kazi zetu ni shafti moja, bushi mbili, gia ya kisaga nafaka. Kupanga programu kwa kipande kimoja kunakula saa ulizotaka kuziokoa. Marekani, ambako mashine hizi ni za kawaida na sheria ya mikopo ya biashara ndogo inaihesabu karakana ya hadi watu 500 kuwa ndogo, karakana nyingi bado zina watu chini ya 20. Zinaishi kwa oda za kurudia kutoka viwanda vikubwa. Ukipata mteja wa hivyo Malindi, tuzungumze upya.

Nikiajiri rasmi, gharama zinaongezeka kiasi gani?

Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kutoka kwako na nyingine 1.5 kwa mfanyakazi, NSSF (akiba ya uzeeni) pande zote mbili, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara, na NITA (ada ya mafunzo ya ufundi) shilingi 50 kwa kila mtu kwa mwezi. Bima ya ajali kazini usiiruke. Taya za leth zikimshika mtu kwa mkono wa shati, hospitali na fidia zitakula karakana nzima.

Malipo ya mkopo yaanze mwezi gani?

Hili watu hawaulizi, ilhali linaruhusiwa kujadiliwa. Kusi likivuma, boti ndogo nyingi hupandishwa pwani, na hapo ndipo zinapotengenezwa, lakini mwenye boti hana pesa mpaka kaskazi irudi. Mahoteli hufanya ukarabati Aprili hadi Juni wakati wageni wamepungua, na hulipa wageni wakirejea. Kazi nyingi, pesa chache. Mkopo unaoanza kulipwa Mei utakukuta mahali pabaya. Omba miezi mitatu ya mwanzo ya nafuu, au uchukue mkopo ili lipo la kwanza liangukie Desemba.

Benki watataka karatasi gani?

Taarifa za akaunti za miezi 6 hadi 12, na M-Pesa ya biashara pia. PIN na cheti cha kutodaiwa kodi. Cheti cha kuandikisha biashara. Kibali cha kaunti. Ankara ya mashine kutoka kwa muuzaji. Na ripoti ya CRB, inayoonyesha ulivyolipa mikopo ya nyuma. Ankara zako ziwe za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu Januari 2024 mteja asiye nayo hawezi kuihesabu gharama yake kwa KRA, na hoteli zitakukataa kwa hilo tu. Mauzo yote yapite kwenye akaunti ya karakana angalau miezi sita kabla ya kuomba, hata yale ya mvuvi aliyelipa kwa noti zenye magamba ya samaki. Na lile daftari la saa, beba. Halimo kwenye orodha yao, lakini afisa akiuliza "utalipaje?", fungua ukurasa wa mwezi uliopita.